Nilitunza Mifupa, Nchi Ikavunjika

Nilikuwa mwalimu wa jimnastiki katika lise moja, shule ya sekondari ya wasichana, hapa Lubumbashi, na kwa miaka kumi na minane kazi yangu ilikuwa kupuliza filimbi na kuwaambia watoto wa watu kwamba ni wavivu. Msichana aliyeniletea barua ya mama yake kwamba anaumwa kichwa nilimzungusha uwanja mara mbili, kisha nikamuuliza kama kichwa bado kiko mahali pake. Nayasema haya mapema ili msomaji asinihurumie kupita kiasi.

Uvimbe kwenye titi la kushoto niliugundua mwenyewe nikioga. Kila muhula nilikuwa nikiwafundisha wasichana kwamba mwili ukikuita, uitike. Mimi wangu uliponiita nilikaa kimya miezi minne, kama mtoto aliyevunja sahani akaificha nyuma ya pipa. Mume wangu, aliyekuwa mchora ramani katika kampuni ya mgodi, ndiye aliyeniona usiku mmoja nikijishika pale, akauliza, na asubuhi yake akanipeleka hospitali ya kampuni. Siku zile hospitali ile bado ilikuwa na mashuka.

Daktari aliyenipasua alikuwa mtu mfupi mwenye miwani mizito, mtaratibu, asiyecheka upesi. Alizaliwa hapahapa mjini. Baba yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli zamani, wakati wa Wabelgiji, na hilo wakati ule halikuwa jambo la kutaja. Alinikata titi. Baada ya miezi miwili akaniita tena, akasema ataondoa na ovari.

"Kansa ya namna hii inakula homoni," aliniambia. "Kuna vidonge vya kuizuia, lakini hapa havifiki kila mwezi. Kisu kinafika."

Nikakubali. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili na watoto wawili tayari wakubwa, na nilitaka kuishi. Nilipopona kidonda cha pili nilikwenda kwake nikitarajia pongezi. Nilivaa gauni zuri. Yeye akavuta kiti, akavua miwani, akaifuta.

"Mama mwalimu, kansa njo ile tulitoa. Sasa tusemeshane juu ya mifupa."

"Mifupa yangu haina shida, dokta."

"Leo haina. Lakini homoni ile tuliyoikata, kansa ilikuwa inaikula, na mifupa nayo ilikuwa inaikula. Tumefunga jiko moja, wageni wawili watalala na njaa."

Akanieleza kwamba mwanamke wa kawaida homoni humwacha polepole karibu na miaka hamsini, na hata huyo mifupa yake huanza kupungua. Mimi iliniacha mchana mmoja, kati ya saa nne na saa sita. Miaka ya kwanza ndiyo mibaya zaidi, alisema, mfupa unakuwa kama mkate uliojaa matundu, kwa nje huoni kitu. Nikamuuliza tutapimaje.

"Mashine ya kupima iko Ulaya. Hapa tutapima kwa kuona kama unavunjika."

Kisha akachukua karatasi ya kuandikia dawa, akaijaza pande zote mbili kwa mwandiko mdogo. Nile ndakala, wale samaki wadogo wakavu, na niwale wazima, na vichwa na mifupa yao. Maziwa nikiyapata. Mikono ipate jua kila siku kabla jua halijawa kali. Nitembee saa moja kila siku, si ndani ya nyumba. Nibebe uzito, lakini mgongoni, kwa sababu mkono wa kushoto ulikatwa tezi za kwapani na ukichoshwa utavimba. Nikiinama nikunje magoti, si mgongo. Pombe niiache. Mwisho aliandika neno moja, "Usianguke", akalipigia mistari miwili.

Nilimuuliza kama kuna watu wanaoanguka kwa kupenda. Hakucheka.

Nyumbani nilikuta serikali nyingine. Dada mkubwa wa mume wangu, mjane, alikuja kwa wiki mbili kunisaidia, akakaa miaka sita. Nilimwita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa hapa kwetu, kwa heshima, na kwa kweli alinipenda. Lakini mapenzi yake yalikuwa ya aina ya kukukalisha. Sebuleni tulikuwa na fotei, kiti kipana cha mikono, ya kijani, ya mahameli, kitu pekee cha fahari tulichokuwa nacho. Aliisogeza mpaka karibu na dirisha, akaniweka pale, akanifunika magoti kwa kitenge ingawa mwilini nilikuwa nawaka moto mara kumi kwa siku tangu ovari zitolewe.

Nikamsomea karatasi ya daktari. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Dokta gani anasema mugonjwa abebe bintu? Hapa mugonjwa hagusi kintu. Atembee aende wapi? Bantu bamuone vile amekuwa?"

"Ni kwa ajili ya mifupa, yaya."

"Mifupa iko ndani. Inapumuzika."

Kwa upande wa mifupa yeye alikuwa na dawa yake, pemba, ule udongo mweupe ambao wanawake wajawazito hutafuna. Alinunua vipande sokoni akaviweka kwenye sahani ndogo kando ya fotei. Hoja yake ilikuwa kwamba pemba ni nyeupe na mfupa ni mweupe. Nilipomtajia daktari, alisema kwamba udongo ule hauna kitu ambacho mfupa unakitaka, na nikiula sana utanifunga tumbo na kuniharibia damu. Yaya akasema daktari amesoma sana.

Halafu kulikuwa na sakafu. Nyumba yetu ilikuwa na saruji nyekundu, na kila Jumamosi yaya aliipaka nta na kuisugua mpaka ukajiona uso. Karatasi ilisema nisianguke, na mimi niliishi juu ya kioo chekundu. Nikimwambia apunguze nta, alijibu kwamba kwa kuwa sitembei, siwezi kuanguka.

Na ukweli ni kwamba nilianza kuipenda fotei. Watu wa kanisa walikuja, wakaimba kwa sauti za chini, mmoja akaomba kwamba hata mfupa wangu mmoja usivunjwe, akaenda zake ameridhika. Nilikula mkate na siagi ya kopo. Nilisikiliza redio. Mimi niliyewazungusha wasichana uwanjani niligundua kwamba nina kipaji kikubwa cha kukaa. Miezi minane nilikaa.

Nilipokwenda kwa daktari kupimwa, aliuliza kama natembea. Nikasema ndiyo. Akaniangalia tumboni, akaniangalia mapajani, kisha akasema, "Kunja mikono kifuani, usimame kutoka kwenye hicho kiti bila kujishika."

Nikajaribu. Makalio yaliinuka kiasi cha kiganja yakarudi. Nikajaribu tena, nikatoa sauti kama ya mlango, nikarudi.

"Wanafunzi wako wanaweza?" akauliza.

"Wanaweza."

"Basi wewe watakupa sifuri," akasema, akaandika kitu kwenye kadi yangu. Nilitoka pale uso unawaka, na mara hiyo haikuwa homoni. Lakini nilipofika nyumbani, fotei ilikuwa palepale, na nikakaa.

Walionitoa kwenye fotei ni wanajeshi. Wengi mnajua ilivyokuwa. Askari hawakulipwa, wakaanza kuvunja maduka, na baada ya maduka wakaja majumbani, na walipochoka raia wakamalizia. Mume wangu alikuwa kazini, hakuweza kupita. Siku ya pili, mchana, waliingia kwetu vijana wanne wenye sare na bunduki, wakachukua friji, wakachukua redio, wakachukua magodoro. Mimi nilikuwa nimekaa. Yaya alisimama mbele yangu akatandaza mikono.

"Huyu ni mugonjwa," akasema. "Alipasuliwa."

Aliyekuwa mkubwa wao, kijana wa kama miaka ishirini na tano, akanitazama, akavua kofia. Nawaambia alivua kofia.

"Mama, samahani," akasema. "Tunaomba fotei."

Mikono yangu ilikuwa imekamatana kifuani kwa hofu, na nilisimama. Sikujishika popote. Baadaye usiku, mume wangu akiwa amefanikiwa kurudi na tukiwa tumelala kwenye mikeka, nilikumbuka na nikacheka peke yangu gizani mpaka mume wangu akadhani nalia.

Wiki tatu baadaye niliiona fotei yetu kwenye baraza ya jirani wa mtaa wa pili, mtu wa kanisa, mwenye cheo cha kupitisha kikapu cha sadaka. Alisema aliinunua kwa mtu asiyemjua, kwa nia njema, ili isiharibike mvuani. Akanikaribisha niketi. Nilimwambia asante, daktari amenikataza.

Baada ya hapo kila kitu kilianguka kwa zamu. Wazungu waliobaki, walimu na wahandisi, waliondoka na masanduku yao kupitia uwanja wa ndege wa Luano. Lise ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa. Mabasi ya mji yalipotea moja baada ya jingine, mpaka watu wakaacha kusimama kwenye vituo. Kampuni iliyokuwa ikiwagawia wafanyakazi unga kila mwezi ikaacha kugawa, na bila unga hakuna bukari, ugali wetu, na mtu wa hapa asipokula bukari husema hajala, hata kama amekula vitu vingine vyote. Mji mzima ukawa wakulima. Maprofesa, makarani, wachora ramani, wote walitafuta jembe.

Sisi tulipata kipande cha shamba kwenye barabara ya Kasapa, mbele zaidi ya chuo kikuu, mwendo wa karibu saa mbili kwa miguu. Mume wangu alikwenda wiki ya kwanza akarudi na malengelenge mikononi na homa. Asubuhi ya wiki ya pili nilichukua karatasi ya daktari, nikaisoma, nikaikunja, nikafunga mbegu mgongoni kwa kitenge kama mtoto, nikatoka. Yaya alilia mlangoni.

Siku ya kwanza nilifika shambani mchana, nikakaa chini ya jua, nikarudi bila kulima hata tuta moja. Siku ya tatu nililima tuta moja. Nilikuwa na shida ya jembe. Jembe letu lina mpini mfupi, na ukilima nalo lazima ukunje mgongo kama ndoano, na daktari alikataza ndoano. Nikamwendea fundi seremala anitengenezee mpini mrefu unaofika kifuani. Wanawake wa mashamba ya jirani walikuja kunitazama nikilima nimesimama wima, natumia zaidi mkono wa kulia.

"Mama mwalimu, ile iko jembe ao bendera?" mmoja akauliza.

"Ni amri ya daktari."

"Analima pamoja nawe?"

Walicheka msimu mzima. Mahindi yangu hayakuwa mabaya kuliko yao, na nilipomaliza mgongo wangu ulikuwa bado ni mgongo.

Ndakala ikawa kitoweo chetu cha kila siku kwa sababu nyama haikuonekana. Yaya aliisafisha kwa dharau, akikata vichwa na kuvitupa, mpaka nikaanza kusimama kando yake na bakuli nikivikusanya. Alisema hajawahi kuonekana katika ukoo wao mwanamke anayekula vichwa vya samaki kama paka. Nta ya sakafu nayo iliisha madukani, haikurudi, na saruji nyekundu ikafifia ikawa ya kijivu na salama.

Kuna watu wanaopenda kusema kwamba shida hujenga. Sisemi hivyo. Mwaka ule tulizika watoto wa majirani kwa magonjwa ambayo kidonge kimoja kingeyaponya, na mwanamke tuliyelazwa naye chumba kimoja, aliyekatwa titi kama mimi, alikufa kwa sababu uvimbe ulirudi na hapakuwa na kitu cha kumpa. Nchi haikunitunzia mifupa. Ilininyang'anya kiti, basi, nyama na nta, na kwa bahati ya kijinga vitu hivyo vinne vilikuwa maadui wa mifupa yangu. Nilipokwenda kwa daktari mwishoni mwa mwaka alinikunjisha mikono kifuani, nikasimama kutoka kwenye kiti mara kumi mfululizo. Mara ya kumi alitabasamu, nafikiri kwa mara ya kwanza.

"Umefanya nini?" akauliza.

"Nimefukarika, dokta."

Halafu wakubwa wetu wakagundua nani alileta njaa. Kwenye mikutano na kwenye redio walisema Katanga ni ya Wakatanga, na kwamba watu wa Kasai wamekuja kula vya wenyewe. Neno walilotumia lilikuwa bilulu, wadudu. Vijana wakaanza kupita majumbani na fimbo na petroli. Watu ambao baba zao walizikwa hapa waliambiwa warudi kwao. Familia yangu ni ya hapa tangu kabla ya mgodi, na ya mume wangu vilevile, kwa hiyo mlango wetu haukugongwa. Yaya aliporudi sokoni alilisema neno lile kwa urahisi, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Mume wangu aliinamia sahani yake. Mimi nilikuwa na sauti ya kusikika uwanja mzima, na sikusema kitu.

Kisha nikasikia kwamba nyumba ya daktari imepigwa mawe na kwamba yeye na mkewe wako stesheni, na maelfu ya wengine, wakingoja treni. Walingoja wiki nyingi, nje, mvuani. Nilikaa na habari hiyo siku tano. Siku ya sita nilipika maharagwe na ndakala kwenye sufuria, nikaifunga kwa kitenge, nikaibeba kichwani, nikaenda. Yaya aliuliza naenda wapi. Nikasema shambani.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Pale stesheni watu walikuwa wamejenga vibanda vya maturubai na mabati, wanapikia kati ya reli, na juu ya matope waliweka mbao za kupitia. Nilimwona daktari kwa mbali, amekaa juu ya sanduku, amevaa koti lake la kazini lakini halikuwa jeupe tena. Niliinua mkono kumpungia. Ubao ukateleza, nami nikaenda chini kwa mkono wa kulia, na nikausikia mfupa. Una sauti ndogo, kama ya kijiti kikavu cha kuwashia moto.

Maharagwe yalimwagika. Watu wakaokota maharagwe kabla ya kuniokota mimi, na walikuwa na haki.

Daktari alikuja bila haraka, akachuchumaa, akaushika mkono wangu karibu na kifundo, akaugusagusa.

"Mama mwalimu, niliandika nini?"

"Nisianguke."

"Nikapiga mistari mingapi?"

"Miwili."

Akamwambia mkewe anishike bega, akaushika mkono wangu kama mtu anayenisalimia, akauvuta. Nilisema neno ambalo mwalimu wa lise hapaswi kulijua. Mfupa ukarudi mahali pake, au karibu na mahali pake. Hakukuwa na plasta. Alipasua katoni ya sabuni, akakata vipande viwili, akavifunga juu na chini kwa kitenge nilichofungia sufuria, akakaza vizuri, akanifundisha kukitazama kila siku kisinibane.

"Wiki sita," akasema. "Vidole uvichezeshe kila saa. Na huu mkono wa kushoto usianze kuonyesha ushujaa. Mwache mtu akusaidie."

"Mfupa ulikuwa umeoza, dokta?"

"Mfupa ulifanya kazi yake. Hata kijana angevunjika kwa mwanguko huu. Ungekuwa bado unashinda umekaa, pengine ungevunja nyonga, na nyonga siwezi kuifunga na katoni."

Nikamuuliza wao watakwenda wapi. Alivua miwani akaifuta, ingawa hakuwa na kitambaa kisafi cha kuifutia.

"Tunaambiwa tunarudi kwetu," akasema. "Mimi huko kwetu sijawahi kufika."

Nilitaka kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, kwa Kifaransa, kama hotuba ya mwisho wa mwaka. Nikasema, "Tutaonana." Akasema niendelee kula ndakala. Sikurudi tena pale. Nilijiambia ni kwa sababu ya mkono. Baada ya siku chache treni yao iliondoka, na wapo waliokwenda kuitazama kama watu wanaotazama mpira.

Nilipofika nyumbani yaya aliona katoni kabla ya kuniona mimi.

"Nani alikufunga hivi?"

"Kilulu," nikasema. "Kilulu kimoja cha pale stesheni."

Alikwenda jikoni akakaa huko muda mrefu. Wiki sita zilizofuata alinilisha bukari kwa mkono wake, akanifunga kitenge, akanisugua mgongo, na mbele yangu hakulisema tena neno lile. Alipokuwa sokoni sijui. Hospitalini nilipokwenda, muuguzi alisema plasta nijinunulie sokoni, na filamu ya kupiga picha ya mfupa hakuna, kisha akaigeuzageuza ile katoni akasema imefungwa na mtu anayejua kazi. Sikumwambia ni nani. Mfupa uliunga, umepinda kidogo, kama upawa uliokaliwa.

Miaka ilipita, nchi ikabadilishwa jina, vita vikaja, vikaenda, vikarudi. Nilikuwa na zaidi ya miaka sitini binti yangu aliponivusha mpaka kwenda Zambia kupimwa na mashine ile ambayo zamani ilikuwa Ulaya tu. Unalala chali, mkono wa chuma unapita juu yako polepole, hausikii kitu. Daktari kijana wa pale alitazama kompyuta yake akasema nyonga zangu ni nzuri kwa mwanamke aliyekatwa ovari mapema vile. Uti wa mgongo ndio umepungua, na kwa huo aliniandikia kidonge cha kumeza mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, na glasi nzima ya maji, kisha nikae wima au nisimame nusu saa bila kulala ili kisiniunguze koo. Kabla ya kukianza alitaka nikaangaliwe meno, kwa kuwa kidonge hicho huweza kudhuru mfupa wa taya. Alikuwa kijana makini, sina la kumsema. Alikuwa na fomu ya kujaza.

"Katika miaka ile ya kwanza ulifuata mpango gani wa mazoezi, mama?"

Nikamweleza Kasapa, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, mbegu mgongoni, na wakati wa mavuno magunia, na jembe la mpini mrefu. Alinisikiliza kwa adabu. Nikachungulia fomu. Alikuwa ameandika: "Bustani."

Yule daktari wetu nimemwulizia kwa kila mtu anayetoka upande wa Kasai. Mmoja aliniambia anaendesha zahanati na amezeeka. Mwingine alisema mtu wa sura ile hakushuka kwenye treni, kwamba wengi hawakushuka. Sijui nimwamini nani. Najua yupi ningependa kumwamini, na hilo si jibu.

Siku hizi wanawake waliopasuliwa titi hutumwa kwangu, kwa sababu watu wa kanisani wanasema naijua habari ya mifupa. Wengine wanapata vidonge vinavyokausha homoni, kwa hiyo kisu cha pili hawakioni, lakini mifupa inalala na njaa ileile. Hufika wameshikiliwa pande mbili kama mayai. Juzi alikuja mmoja wa miaka thelathini na kitu, na mama mkwe wake nyuma yake, amembebea mkoba, amembebea mwavuli, amembebea hata simu.

Nikamwambia mama mkwe ampe mkoba.

"Mutoto iko mugonjwa, mama," akasema.

"Naona. Mpe mkoba, auvae bega la upande ambao hawakumkata."

Akanitazama kama mwizi anavyotazamwa. Nikangoja. Nina uzoefu wa kungojea wasichana wanaoumwa kichwa. Mwishowe akautoa, na binti yule akauvaa begani, akainuka, tukatoka wote watatu kutembea upande wa Karavia kabla jua halijawa kali. Mama mkwe alichoka wa kwanza.